Kalenda Iliyoshonwa kwa Nyuzi

Kwenye ukuta wa chumba chetu cha mtaa wa Nyasho palikuwaga na kalenda ya chama cha ushirika, ile yenye picha ya mwanamke amebeba kikapu cha pamba. Watu wengine wakitaka kukumbuka siku wanaizungushia kalamu. Shangazi Skolastika alitumia sindano. Alikuwa fundi wa kushona, na siku ambayo kuna mahali pa kwenda aliitia uzi, mishono mitatu midogo juu ya namba. Uzi mwekundu ulikuwa wa mchezo wa kuigiza. Wa bluu ulikuwa wa meli ikifika. Wa njano dansi la mchana, wa kijani sinema ya gari la serikali, na mweupe sikukuu za kanisa. Mwezi ukifika mwisho, karatasi yake ilikuwa nzito kama kitambaa, na upepo wa ziwa ukiingia dirishani haikupepea kama karatasi nyingine. Ilitikisika taratibu tu, kama mtu anayekubali jambo kwa kichwa.

"Bluu moja, nyekundu mbili," alikuwa anasemaga asubuhi kabla hajatoa miguu kitandani. "Wiki hii nzuri, Boke."

Mimi nilikuwa mtoto wa kaka yake. Nililetwa Musoma nikiwa na miaka kumi na mitatu, baada ya kuacha shule darasa la nne, kutoka kijiji chetu kilicho upande wa Butiama. Nililetwa nimsaidie shangazi kutia vifungo na kupiga pasi. Kazi yangu ya kweli niliijua baadaye, na aliniambia mwenyewe bila kuficha.

"Mjane akitembea peke yake, watu wanasema anatafuta," alisema, uzi ukiwa mdomoni. "Akitembea na mtoto, watu wanasema anamtembeza mtoto. Wewe ndiyo tiketi yangu."

Sikuudhika. Nilipenda kuwa tiketi. Mimi si msemaji, na tiketi haiulizwi maneno mengi.

Mume wake, Stanislausi, alikuwa karani wa bandari. Asubuhi ya Uhuru alimshika shangazi mkono njiani, mbele za watu, kuanzia Nyasho mpaka uwanjani, wakati huo mke na mume hawakuwa wanashikana mikono mbele za watu. Wanawake walicheka wakaziba midomo kwa kanga. Shangazi aliniambia hakukumbuka bendera ilipandaje siku ile. Alikumbuka joto la kiganja tu. Tangu hapo wakawa watu wa kutoka. Kama kulikuwa na kwaya, walikuwepo. Kama kulikuwa na mpira, walikuwepo, na shangazi haujui mpira mpaka leo. Stanislausi alipofariki, shangazi alikaa ndani mwaka mzima kama inavyotakiwa. Mwaka ulipokwisha alivua nguo nyeusi, akanunua kalenda, akamwomba kaka yake ampe mtoto.

Nikifumba macho naziona zile siku zimechanganyika, hazina mpangilio. Naona tumekaa juu ya magunia bandarini, meli inakuja kutoka Mwanza, kwanza ni moshi, halafu ni kitu cheupe kisichosogea, halafu ghafla ni kubwa kuliko kanisa. Hatukuwa na mtu wa kumpokea. Shangazi alipunga mkono tu, na kila mara kulikuwa na mtu juu kule aliyepunga naye. "Umeona? Ametujua," anasema. Naona wadudu wa ziwa wamesimama juu ya maji kama moshi wa mtu anayepika, na shangazi anatembea pembeni ya maji na viatu mkononi. Naona dansi la Jumapili mchana, gitaa zinalia kama zina usingizi, na sisi tumekaa na soda moja. Hakucheza. Alitikisa bega moja tu, lile lisiloonekana na watu wa mezani. Naona gari la sinema, shuka jeupe limefungwa kwenye miti miwili, na watoto wamekaa upande wa nyuma wa shuka kwa sababu mbele pamejaa. Tulikaa nao siku moja. Watu wote kwenye ile sinema walikuwa wanatumia mkono wa kushoto, na shangazi alisema ni nzuri hivyo hivyo.

Lakini kitu alichokipenda zaidi ni uzi mwekundu. Kulikuwa na kikundi cha maigizo, kinafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa maendeleo pale Iringo, karibu na soko. Aliyekiongoza ni Mwalimu Isidori, mwembamba, kola yake imegeuzwa mara mbili na shangazi mwenyewe. Aliandika michezo juu ya Ujamaa, na kila mchezo ulikuwa na mnyonyaji mmoja mwenye tumbo la mto wa kitandani. Shangazi alishona mavazi yao. Tulikaa pembeni ya ukumbi siku za mazoezi, cherehani inaenda taratibu ili isifunike maneno, na mara nyingine nilimwona midomo yake inacheza. Maneno yote alikuwa nayo.

Tulienda nao mpaka Bunda, juu ya lori la pamba, wakaigiza pale Nyasura mbele ya wakulima. Clementi, kijana anayeoka mikate, ndiye aliyekuwa mnyonyaji. Alipoiba kapu la pamba la mjane, mzee mmoja anaitwa Keraryo aliinuka kwenye watu, akapanda jukwaani, akamshika mkono.

"Rudisha," akasema.

"Mzee, ni mchezo," Clementi akamnong'oneza.

"Najua ni mchezo. Rudisha kwanza, halafu mcheze."

Akarudisha. Mchezo uliisha pale pale, maana mnyonyaji alikuwa hana tena alichoiba. Watu walishangilia sana. Kwenye lori tukirudi, shangazi alicheka mpaka akalala begani kwangu, na vumbi jekundu lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

Mwaka wa pili wangu, mwezi wa tisa, baba alituma neno. Mvua zilikuwa karibu, mikono ya kulima haikutosha, na tena, alisema aliyeleta neno, watu walikuwa wanasema kwamba Skolastika anamfundisha mtoto wa watu kutembea. Baba angekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kunichukua, moja kwa moja.

Shangazi alimsikiliza yule mtu mpaka mwisho, akampa uji, akamshukuru. Jumamosi ile ilikuwa tayari na uzi mwekundu. Siku hiyo kikundi kingeonyesha mchezo mpya. Aliangalia kalenda muda mrefu. Zile siku zilizofuata, za mwezi wa kumi, alikuwa amezitia nyuzi nne. Akafunua ukurasa wa mwezi huo, akachukua wembe, akazifumua zote nne, polepole, akazungusha vipande vya uzi kwenye kidole akaviweka kwenye kopo la vifungo. Tundu za sindano zilibaki kwenye karatasi, na alipouinua ule ukurasa jua la jioni lilipita kwenye zile tundu likaweka vidoa vidogo ukutani.

Usinielewe vibaya. Nyumbani nilikupenda. Lakini nilijua bila mimi shangazi atakaa ndani. Hakuwa na mtoto mwingine wa kumwomba kwa kaka yake, na asingeweza kutoka peke yake kila wiki bila watu kumsema, maana wateja wake ni wake za watu.

Mchezo mpya ulikuwa wa mama ambaye mtoto wake amekataa kijiji cha ujamaa, amekimbilia utajiri, anarudishwa amekufa. Mtoto alikuwa Clementi. Mama alikuwa Jeska, muuguzi, mtu wa Tabora, mzuri wa sura. Maneno aliyasema vizuri. Kulia ndiyo kulimshinda.

"Hi, hi, hi," analia Jeska.

"Jeska dada yangu," anasema Mwalimu Isidori, "umefiwa. Hujakanyaga mwiba."

"Sasa nilieje, Mwalimu? Nimuue Clementi kweli?"

"Utanisaidia sana," anajibu Clementi kutoka chini ya shuka. "Huku kuna joto."

Siku mbili kabla ya Jumamosi Jeska alishikwa na homa, sauti ikakauka kabisa. Mwalimu Isidori alikuja kwetu ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mama Skolastika, nimekuona ukitikisa midomo," alisema.

"Mimi ni fundi, Mwalimu."

"Fundi anajua nguo inavyokaa ndani na nje. Nakuomba."

Shangazi aliniangalia. Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Akakubali, na nadhani alikubali kwa sababu ulikuwa uzi wa mwisho.

Baba, Magesa, alifika Jumamosi asubuhi na fimbo yake na koti la kanisani. Aliamkiwa, akakaa, akanywa uji. Shangazi alipiga goti kidogo mbele yake kama mdogo mtu.

"Kaka, nakuomba aone mchezo wa leo tu. Unaanza saa nane. Gari lenu linaondoka saa kumi na moja."

"Michezo," baba akasema. "Mtu mzima unavaa nguo za mwingine unasema wewe ni mwingine."

"Na wewe uingie, kaka. Utaniona."

"Mimi siingii humo. Nitakaa nje nimshikie mzigo wake."

Basi tukaenda hivyo, kutoka Nyasho mpaka Iringo, shangazi mbele, mimi katikati, baba nyuma na furushi langu lililofungwa kwenye kaniki. Furushi lilikuwa dogo. Alikaa kwenye kivuli cha ukuta wa ukumbi, furushi magotini, fimbo juu yake.

Ndani watu walikuwa nusu ya viti. Mimi nilikaa mbele kabisa. Mchana ule ulikuwa mtulivu, mlango wa upande wa ziwa ulikuwa wazi na mwanga wa maji ulicheza kwenye dari. Shangazi alitoka amevaa nguo aliyoishona mwenyewe kwa ajili ya Jeska, imembana kidogo mabegani. Sauti yake ilitetemeka mwanzo tu. Halafu nikasahau kwamba ni yeye. Nilimwona mama fulani, wa kijiji fulani, anamwambia mtoto wake asiende, na mtoto anaenda.

Wakamleta Clementi amefunikwa shuka. Hapo Jeska alikuwa anapiga magoti na kuficha uso. Shangazi hakupiga magoti. Alisimama. Alimwangalia Clementi, halafu macho yake yakamwacha, yakanitafuta, yakanipata pale kiti cha mbele. Akaweka mikono kichwani.

Aliyewahi kusikia kilio cha kwetu anajua. Hakianzi juu. Kinaanza chini kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama, kinapanda, kinakaa juu pale pale, halafu kinataja jina.

"Boke weee! Boke wa Magesa! Unaniacha na nani, Boke!"

Kwenye mchezo mtoto hakuwa anaitwa hivyo. Mwalimu Isidori akafunua karatasi zake haraka, anatafuta. Ni kitu kigeni kukaa kwenye kiti, mzima, na kusikia unaliliwa. Niliona kama niko mbali, kama niko kwenye meli, nampungia.

Wa kwanza kuingia ni baba. Aliingia bila fimbo, furushi langu amelikumbatia kifuani, anaita jina langu kwa sauti ambayo sikuwa naijua. Nyuma yake wakaingia wanawake wa sokoni. Kilio kilikuwa kimewafikia, na kwetu kilio hakiulizwi ni cha nani, kinafuatwa. Waliacha meza za samaki, furu na sato, wakajifunga kanga kiunoni, wakaingia mikono kichwani, wanalia, ishirini, thelathini, wengine mikono ina magamba ya samaki. Walimzunguka Clementi. Mmoja akamwangukia kifuani.

Clementi alivumilia kidogo, halafu akakaa.

"Mungu wangu, amerudi!" akapiga kelele mmoja.

"Mama, ni mchezo," Clementi akasema. "Mimi ni wa mikate."

"Mchezo!" Mama mmoja mnene alijishika kiuno. "Nimewaachia paka samaki zangu kwa ajili ya mchezo?"

"Sasa tufanyeje?"

"Tufanyeje nini? Nimeshalia. Siwezi kuondoka kwenye kilio bila kukaa, ni mkosi. Sogea huko." Akakaa sakafuni, akanyoosha miguu. Wenzake wote wakakaa. Yule mama akamwelekezea Clementi kidole. "Na wewe lala. Hatujamaliza."

Akalala. Ukumbi haukuwa umejaa hivyo hata siku moja.

Baba alikuwa amenipata. Aliniwekea mkono kichwani, akaushusha kwenye shavu, kwenye bega, kama mtu anayekagua ndama aliyetoka mtoni.

"Uko mzima," alisema.

"Niko mzima, baba."

Akakaa chini karibu na kiti changu, furushi bado mikononi. Juu ya jukwaa shangazi alikuwa ameshusha mikono. Alimwona kaka yake. Machozi yalikuwa yanamtoka ya kweli, na hakuyafuta. Mwalimu Isidori akamnong'oneza neno linalofuata. Akalisema. Mchezo ukaendelea, na wanawake wa sokoni wakaitikia kila kitu kama wako matangani kweli, "ndiyo", "pole mama", "si tulimwambia". Ulipoisha hawakupiga makofi. Mmoja mmoja wakapita kumpa shangazi mkono wa pole.

Tukatoka sisi watatu tukasimama upande wa ziwa. Maji yalikuwa ya rangi ya bati. Saa kumi na moja ilikuwa karibu.

"Skolastika," baba akasema. "Umemlilia mtoto aliye hai."

"Nimemlilia, kaka."

"Umemtaja jina. Na langu ukalitaja."

"Nimelitaja."

"Unakumbuka mama yetu alisema nini juu ya mtu aliyeliliwa akiwa hai?"

Shangazi aliangalia chini. Nilikuwa sijui, kwa hiyo baba akaniambia mimi. Bibi yangu alikuwa amesema, kwenye ukoo wetu, mtu aliyeliliwa kimakosa haondolewi mahali alipoliliwa mpaka ulezi mpya uvunwe, uingie ghalani. Analala chini ya paa la yule aliyemlilia. Kifo kimesikia jina lake. Ukimbeba njiani unakutana nacho.

"Ulikumbuka hayo wakati unalia?" baba akauliza. "Niambie kweli. Sitakasirika."

"Kaka, sikukumbuka hata kwamba niko ukumbini." Alijifuta uso na mkono wa ile nguo iliyombana. "Niliona mtoto anaondoka. Basi."

Gari lilipiga honi kule stendi, mara moja, mara mbili. Aliangalia lile furushi kama amelikuta tu mikononi mwake. Halafu akanipa.

"Mpaka ulezi," akasema. "Sio kwamba nimependa. Ni sheria ya mama."

"Ndiyo, kaka."

Alipiga hatua chache kwenda stendi, akakumbuka fimbo yake, akairudia pale ukutani. Alipopita tena mbele yetu alisimama.

"Yule kijana," alisema, anaangalia maji, "mwanzoni alimwambiaje mama yake wakati anaondoka? Nilikuwa nje, sikusikia."

"Alimwambia hatakawia," shangazi akajibu.

"Hm." Baba alitafuna hilo. "Watacheza tena lini?"

"Bado sijatia uzi."

Hakuelewa, akaenda. Tulimpungia mpaka gari likapinda.

Jioni ile shangazi alishusha kalenda akaiweka magotini. Alichukua sindano, lakini hakufungua kopo la nyuzi. Alichomoa uzi mmoja mweusi kwenye ukingo wa kaniki ya furushi langu, akautia kwenye Jumamosi ile, pembeni ya mwekundu, mishono mitatu. Halafu ndipo akafungua kopo, akafunua ukurasa wa mwezi wa kumi, akatafuta kwa ncha ya kidole tundu za zile siku nne alizozifumua, akaanza kuzipitishia uzi mmoja mmoja, bluu, njano, nyekundu, bluu. Sindano iliingia mle mle, haikutoboa mahali pengine.

Ulezi uliingia ghalani mwezi wa saba. Baba alikuja Jumamosi, amevaa koti la kanisani na kofia niliyokuwa sijawahi kuiona. Alipomaliza uji alienda kwenye ukuta, akasimama mbele ya kalenda, mikono nyuma. Hakuwa amesoma, lakini akinywa uji nilikuwa nimemweleza kila uzi na siku yake. Aliweka kidole kwenye nyuzi za siku ile.

"Hii nyekundu," akauliza, "saa ngapi?"